Daftari la Mkulima ni Amana

(Hotuba ya Meneja wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa sherehe za kutimiza miaka 10)



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza juu ya maghala tuliyoyajenga, salfa tuliyoigawa, na korosho tulizozipeleka mnadani katika miaka hii 10. Mimi nimeagizwa na Bodi niseme juu ya jambo lisiloonekana kwa macho kama ghala lionekanavyo, nalo ni wajibu wa Chama juu ya mitambo tunayoitumia, na juu ya taarifa za wanachama tunazozitunza ndani ya mitambo hiyo. Najua kwamba siku ya sherehe watu hupenda kusikia sifa. Naomba radhi mapema, maana sehemu ya maneno yangu ni habari ya kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Mizani ya zamani na mizani ya leo

Wazee waliopo hapa hawana haja ya kufundishwa kwa nini ushirika ulianzishwa katika nchi yetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 wakapata Chama Kikuu cha KNCU. Wakulima wa pamba wa upande wa Ziwa Victoria waliviunganisha vyama vyao mwaka 1955, na Bwana Paul Bomani akawa miongoni mwa viongozi wao wakubwa. Kule Ziwani lalamiko moja lilirudiwa kila sokoni, nalo lilihusu mizani ya wanunuzi. Mkulima alileta pamba yake, mnunuzi akaitazama mizani, akatamka kilo azitakazo, na mkulima hakuwa na njia ya kumpinga. Ushirika ulikuja ili mwenye mali apate kuiona mizani kwa macho yake, na apewe karatasi ya kuthibitisha alichokileta.

Leo mizani yetu ni ya kidijiti. Gunia likiwekwa juu yake, uzito hutokea kwa tarakimu, karani hubonyeza, na habari huruka kwa njia ya simu mpaka kwenye kompyuta ya Chama Kikuu. Twashukuru kwa maendeleo hayo, kwani malipo yamekuwa mepesi na hesabu ya msimu mzima hupatikana kwa siku moja. Lakini tuangalie pia jambo lililobadilika. Mizani ya zamani ilikuwa na mshale, na kila mtu aliweza kuutazama. Hesabu ya leo hufanyika mahali asipopaona mkulima, wala karani, na nikisema kweli, wala mimi meneja. Kama mwenye mtambo hataki kuulizwa, tutakuwa tumerudi pale pale tulipotoka mwaka 1950, tofauti ikiwa ni kwamba mnunuzi yule sasa ni sisi wenyewe.

Kosa letu wenyewe

Katika msimu mmoja uliopita, kompyuta yetu ilionyesha kwamba karani wa chama kimoja cha msingi alipokea korosho nyingi kuliko zilizofika katika ghala kuu. Upungufu ulikuwa wa magunia 8. Karani aliapa kwamba hakuchukua hata kilo moja. Niliitazama karatasi iliyotolewa na mtambo, nikamtazama yeye, nikauamini mtambo. Barua ya kumsimamisha kazi niliitia sahihi mimi, na ndani yake niliandika kwamba alipe upungufu huo wote.

Yule bwana aliuza mbuzi wake, akaanza kulipa. Kijijini watoto wake waliitwa watoto wa mwizi.

Aliyemwokoa hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Ni wazee wa chama chake. Tulipoleta mizani ya kidijiti tuliwaambia makarani kwamba hapana haja tena ya kuandika stakabadhi kwa mkono. Wazee wale walikataa, wakasema kwamba mzigo wao hauondoki pale bila karatasi. Basi karani, ili asigombane nao, aliendelea kuandika, na vishina vya stakabadhi alivihifadhi ndani ya sanduku la bati. Wazee wakaja ofisini na sanduku hilo. Tulikaa siku 2 tukilinganisha kishina kimoja kimoja na orodha ya kompyuta, ndipo tukaona kwamba mizigo kadhaa imeandikwa mara mbili, kwa uzito ule ule na jina lile lile, dakika chache zikipita katikati. Mtandao wa simu ulikuwa dhaifu siku hizo. Mizani ilituma habari, haikupata jibu kwamba imepokewa, ikaituma tena. Na kompyuta ikazihesabu habari zote mbili. Magunia 8 hayakuibwa, kwa maana hayakuwapo kamwe.

Tulimrudisha kazini, tukamrudishia fedha zake, nami nikaenda kuomba radhi mbele ya mkutano wa kijiji chake. Yeye mwenyewe ameniruhusu nieleze habari hii leo bila kumtaja jina. Nimeieleza kwa sababu bahati haiwezi kuwa utaratibu wa Chama. Kama wazee wale wangetutii, karani angekuwa mwizi mpaka leo.

Habari ya posta za Uingereza

Mtu asidhani kwamba kosa hili ni la watu wasiojua mitambo. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1999, Shirika la Posta liliweka katika posta zake mtambo wa hesabu uitwao Horizon, uliosimamiwa na kampuni ya Fujitsu. Posta nyingi ndogo za nchi ile huendeshwa na watu binafsi kwa mkataba, mara nyingi pamoja na duka la kijiji. Mtambo ulianza kuonyesha upungufu wa fedha ambao wenye posta hawakuweza kuueleza. Mkataba uliwataka walipe, nao wakalipa, wengine kwa kuuza nyumba na kumaliza akiba zao. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye taabu ya namna hiyo. Na kumbe simu za namna hiyo zilitoka kila upande wa nchi.

Katika miaka ya 1999 mpaka 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi au kwa hesabu za uongo, na wengine wakafungwa. Shirika lilishikilia kwamba mtambo ni madhubuti, na kwamba hakuna mtu wa mbali awezaye kuingia katika hesabu za posta bila mwenyewe kujua. Jambo hilo la pili halikuwa kweli. Watumishi wa kampuni ile waliweza kuingia. Mwenye posta mmoja, Bwana Alan Bates, alikusanya wenzake, wakafika 555, wakalishtaki Shirika. Mwaka 2019 jaji aliamua kwamba mtambo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani iliwafutia hatia watu 39, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuwafutia hatia mamia ya wengine kwa pamoja. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa jambo hili, iliyotolewa Julai 2025, ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mateso hayo. Hao hakuna sheria iwezayo kuwarudisha.

Kosa la mtambo lilikuwa dogo, na lingeweza kusahihishwa na fundi. Lililowaangamiza watu ni shirika kubwa kukataa kuulizwa, na mzigo wa kuthibitisha kutupwa juu ya mtu mdogo asiyeweza hata kuuona ndani huo mtambo anaopingana nao. Nilipokuwa nikisoma habari hiyo nilikumbuka sanduku la bati, nikaona aibu.

Vitu tunavyovishika

Sasa nageukia upande wa pili, yaani taarifa za wanachama. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, nasi tumelishika neno hilo kwa bidii, tukaandika kila kitu. Hebu tutazame tulichokiandika. Katika kompyuta ya Chama Kikuu mna jina la kila mkulima, kijiji chake, nambari yake ya simu, nambari ya kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki, idadi ya mikorosho na ekari, kilo alizouza kila msimu, deni lake la pembejeo, na siku aliyolipwa.

Labda mkulima atasema moyoni, "Mimi si tajiri, nani atataka kuiba habari zangu?" Namjibu hivi. Kila mmoja wetu mwenye simu amekwisha kupata ujumbe wa tapeli asemaye, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Tapeli huyo hubahatisha. Huwatumia watu wengi akitumaini kwamba mmoja wao alikuwa karibu kutuma fedha kweli. Lakini fikirini tapeli mwenye daftari letu mkononi. Atakupigia simu jioni ya siku ile ile uliyolipwa, atakuita kwa jina lako na jina la baba yako, atataja chama chako na kilo zako bila kukosea, kisha atakwambia kwamba umezidishiwa malipo na yakupasa kurudisha. Nani kati yetu hatamwamini? Daftari likifika mikononi mwa mtu wa namna hiyo, huwa silaha dhidi ya wale wale waliotuamini tuliandike.

Tena habari iliyovuja si kama gunia lililoibwa. Gunia laweza kukamatwa njiani, likarudishwa. Nambari ya kitambulisho ikijulikana imejulikana. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ufa usiozibwa

Katika nchi ya Marekani, mjini Atlanta, iko kampuni iitwayo Equifax. Kazi yake ni kutunza kumbukumbu za mikopo, ili benki na maduka wapate kujua ni nani mlipaji mwema. Watu walioandikwa humo wengi wao hawakuiomba kampuni hiyo iwaandike; waliandikwa tu kwa sababu walikopa mahali fulani.

Mwezi Machi 2017 ilitangazwa hadharani kwamba programu moja iliyotumiwa na makampuni mengi ilikuwa na kasoro, na marekebisho yake yakatolewa bila malipo. Ndani ya Equifax ilipelekwa amri kwamba marekebisho yafanywe upesi. Lakini mlango mmoja wa mtambo wao, ule ambao watu waliutumia kuleta malalamiko, ulisahauliwa. Kuanzia katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai wezi waliingia na kutoka kwa mlango huo. Chombo cha ulinzi kilichopasa kuwaona kilikuwa kipofu, kwa kuwa hati yake ya kufanyia kazi ilikwisha muda wake na haikufanywa mpya. Watu wapatao milioni 147 walichukuliwa majina yao, tarehe za kuzaliwa, na nambari ambazo kwa Mmarekani ni kama kitambulisho cha taifa kwetu. Watu hao walipata habari tarehe 7 Septemba, yaani wiki 5 na zaidi baada ya kampuni yenyewe kugundua.

Aliyekuwa mkuu wa kampuni aliitwa mbele ya Bunge lao, naye katika kueleza akamtaja mtumishi mmoja ambaye hakupeleka ujumbe panapohusika. Nawaomba mlipime neno hilo. Kampuni iliyokuwa na fedha nyingi na wataalamu wengi iliuacha usalama wa watu milioni 147 utegemee kumbukumbu ya mtu mmoja, kisha mambo yalipoharibika akaonyeshwa yeye. Serikali haikukubali kwamba lawama iishie kwa mtu huyo. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa si chini ya dola milioni 575. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta wao ulikuwa wa bei hiyo.

Sheria ya nchi yetu

Hapa Tanzania jambo hili halikuachwa kwa hiari ya mtu. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 16, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Kwa sheria hiyo, akusanyaye taarifa za watu apaswa kujiandikisha kwa Tume, kuzikusanya kwa kusudi linalojulikana, kuzilinda, na kutozitumia kwa kusudi jingine. Mwenye taarifa naye anayo haki ya kuziona na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa.

Wengine hudhani kwamba sheria hii iliwekwa kwa ajili ya makampuni ya simu na mabenki. Sivyo. Chama chenye daftari la wakulima ni mkusanyaji wa taarifa, sawa na benki. Wala hatuwezi kujificha nyuma ya kampuni iliyotuuzia mtambo. Mkulima hakufanya mkataba na kampuni hiyo, alikuja kwetu. Tukiajiri mlinzi wa ghala, naye akalala, korosho zikaibwa, hatumwambii mwanachama aende kumdai mlinzi. Tunamlipa sisi, kisha twashughulika na mlinzi wetu.

Mambo tunayopaswa kuyafanya

Bwana Mwenyekiti, kwa idhini ya Bodi naleta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo 6, ili yajadiliwe leo na, yakikubaliwa, yaandikwe kuwa azimio.

Kwanza, kila mzigo upokewao upewe stakabadhi ya karatasi, na kishina kihifadhiwe katika chama cha msingi. Gharama ya vitabu ni ndogo kuliko gharama ya kumdhulumu mtu mmoja.

Pili, asishtakiwe wala kusimamishwa kazi karani yeyote kwa neno la mtambo peke yake. Hesabu ya mtambo ilinganishwe kwanza na vishina pamoja na hesabu ya ghala, mbele ya karani mwenyewe na wajumbe wawili waliochaguliwa na wanachama.

Tatu, tusikusanye tusichokihitaji. Fomu zetu za sasa huuliza mambo ambayo hakuna hata mmoja ofisini awezaye kueleza yatumika kwa kazi gani. Habari ambayo hatunayo haiwezi kuibwa kwetu.

Nne, kila karani awe na neno lake la siri, lisilotumiwa na mwingine. Desturi ya ofisi nzima kutumia neno moja lililobandikwa ukutani ikome, na atakayeacha kazi afungiwe mlango siku hiyo hiyo. Orodha ya wanachama isitolewe kwa muuzaji wa mikopo, wala wa mbegu, wala mwanasiasa, hata akiwa rafiki wa meneja.

Tano, mkataba wowote wa mtambo usitiwe sahihi mpaka uwe umeeleza kwamba taarifa ni mali ya wanachama, kwamba kampuni itaufanyia mtambo marekebisho ya usalama kwa wakati wake, kwamba itatujulisha mara igunduapo kasoro, na kwamba itashiriki kulipa hasara.

Sita, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote: taarifa zikivuja, au mtambo ukikosea, Tume ijulishwe, na wanachama waambiwe bila kukawia, kwa lugha nyepesi, katika mikutano ya vijiji. Najua hofu ya viongozi, kwani nimekuwa nayo mimi mwenyewe. Twaogopa kwamba tukikiri, wakulima watatukimbia. Lakini nilipokwenda kuomba radhi katika kijiji kile, hakuna mwanachama hata mmoja aliyejitoa. Mzee mmoja alisimama akasema, "Meneja, sisi tulijua siku nyingi. Tulikuwa tunangoja tuone kama nanyi mtajua."

Kwenu wakulima nina ombi moja dogo. Msimpe mtu yeyote nambari ya siri ya simu yenu, hata akisema ametumwa na Chama, kwa maana Chama hakitamtuma mtu kuiuliza kamwe. Lakini sisemi neno hili ili kuwatupia mzigo wetu. Ninyi lindeni ufunguo wa nyumba zenu. Ghala tutalilinda sisi, na likivunjwa tutajibu sisi.

Mabibi na Mabwana, vishina vile 8 vya karani wetu tumeviweka ndani ya fremu ya kioo, navyo vimetundikwa katika ofisi yangu, mahali ambapo nitaviona kila nitakapoinua kalamu kutia sahihi barua. Meneja atakayekuja baada yangu namwomba asiviondoe.

Mungu aubariki ushirika wetu, na atupe miaka 10 mingine ya kuaminiana.